Kiti cha Nzilani

Mukuyuni,
4 Februari 2024

Kwa ndugu yangu Kyule,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani kwangu. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na magoti yangu unayajua, hayajawahi kuleta habari njema. Mbuzi ni wazima. Paka amezaa tena bila kuuliza mtu. Je, wewe? Presha imeshuka? Unakula chakula au unakunywa chai tu na kusema umekula?

Utauliza kwa nini naandika na simu iko. Kwa simu wewe husema, "Sisi wazima, mvua hakuna," halafu unakata. Baba alitulea kwa barua kutoka Mombasa, na alikuwa akisema Kikamba ni cha kugombana na kuomba Mungu, Kiswahili ni cha kuandika. Basi naandika.

Mwanao Mutunga alinipigia. Anasema unakaa kwenye kile kiti tangu chai ya asubuhi mpaka kuku waingie kulala, na ukiongea unaongea na jogoo. Sina ubaya na jogoo. Lakini huyo jibu lake ni moja tu, hata umwambie nini.

Mwethya wenu, kile kikundi cha kulimiana mashamba, unaendelea? Wewe na marehemu mkeo Nzilani mlikuwa mkienda pamoja kuchimba matuta kwa watu, nao wakaja kuchimba kwenu. Tangu tumzike sijakusikia ukitaja kikundi. Mimi hapa Alhamisi ndiyo dawa yangu. Tunakutana kwa Eunice, wanawake wenye mvi watupu, tunasuka vyondo na kusengenya kwa kiasi ambacho pasta anaweza kuvumilia. Wariara, yule rafiki yangu wa mitumba ambaye wazazi wake walitoka Murang'a, na mpaka leo Kikamba anakitembeza kama mtu aliyekanyaga miiba, alituonyesha kiondo kikubwa ajabu. Akasema amekisuka ili akifa watoto wasisumbuke kutafuta sanduku. Tulicheka mpaka nyuzi zikatupotea.

Kyule, nilimzika mume wangu, nikamzika Nzilani wako. Sitaki kumzika mtu ambaye bado anapumua.

Dadako,
Nduku


Migwani,
25 Februari 2024

Kwa dada yangu Nduku,

Salamu zimefika, hata za paka. Mimi ni mzima kama anavyoweza kuwa mzima mtu mwenye presha na mwana mwenye mdomo. Jogoo anakusalimu. Amesema lile lake moja.

Mwethya unaendelea. Nawaona kutoka hapa nilipokaa. Wiki hii wako shambani kwa Kivuva, ng'ambo ya mto. Baada ya mazishi, Kasiva mwenyekiti alikuja na akina mama wenzake, wakaniletea unga na sukari. Akaniambia, "Mzee Kyule, umefanya kazi ya kutosha. Pumzika. Hakuna mtu atakuhesabia siku." Nikashukuru. Ilikuwa heshima, sitakataa. Lakini Nduku, heshima ya aina hii nimeiona mahali pengine: ndiyo tunayompa marehemu. Marehemu hadaiwi na mtu.

Wewe unajua sheria, ni ile ile ya enzi za mama. Asiyekuja bila sababu, kikundi kinaenda kwake, na hakirudi mikono mitupu. Wanachukua kitu cha nyumbani na mwenyewe anakikomboa kwa jembe. Kivuva walimchukulia redio. Kesho yake alifika shambani kabla ya wenye shamba. Mimi wananipita. Wakifika langoni kwangu hata wimbo wanaupunguza, kana kwamba ndani kuna mgonjwa.

Siku moja nilisimama pale langoni nimeshika jembe. Kasiva akasema, "Haiya, mzee, weka hilo chini, utaumia." Nikaliweka.

Na kiti usikiseme vibaya. Nililinda maghala ya watu ujana wangu wote nimesimama. Nilipostaafu, Nzilani aliuza mbuzi akaniagizia kiti cha mti wa mukau, kizito kama deni. Akaniambia, "Umesimama vya kutosha." Nikikaa hapo nasikia ni kama bado ananiambia.

Kaka yako,
Kyule


Mukuyuni,
10 Machi 2024

Kwa ndugu yangu Kyule,

Habari za hapo? Huku ni njema. Magoti yanasalimu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sina la kuongeza. Sisi Alhamisi tulikuwa kwa Eunice kama kawaida, na Wariara alituchekesha sana.

Ile namba ya Kasiva niliyoandika siku ya mazishi bado ninayo. Nimemtumia salamu.

Dadako,
Nduku


Migwani,
22 Aprili 2024

Nduku,

Wamechukua kiti.

Walikuja jana tumetoka kanisani, hata tai sijavua. Nikasikia wimbo langoni, na safari hii hawakuupunguza. Nikatoka.

"Karibuni, mketi," nikawaambia.

"Hatukai, mzee," Kasiva akasema. "Tumekuja na faini."

"Faini ya nani?"

"Yako."

"Si ni wewe uliniambia nipumzike?"

"Nilisema upumzike. Sikusema uhame."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Akina mama wakapita kando yangu kama maji yanavyopita kando ya jiwe, wakaenda moja kwa moja mpaka kilipo kiti. Hawakuangalia sufuria, hawakuangalia redio, hata jogoo walimruka. Nikawaambia hicho ni kiti cha marehemu. Kuna mmoja, Mama Nthiwa, mkongwe kuliko mimi, ulimi wake haujapata kustaafu. Akasema, "Marehemu alikuwa memba wetu, na hakutozwa faini hata siku moja. Anayemwaibisha ni wewe."

Wakakipandisha kichwani kwa Mama Kaloki wakaondoka wanaimba. Kiti changu kiliteremka mtoni miguu juu. Nimeelewa sasa kwa nini huyo Kasiva anaitwa mwenyekiti.

Nilimuuliza ni nani amemtuma. Alitupa jicho upande wa Makueni, huko kwako.

Naandika nimekalia mtungi wa maji. Baba alisema Kikamba ni cha kugombana, kwa hiyo shukuru kwamba hii ni barua.

Mtoto wa mama yako,
Kyule


Mukuyuni,
5 Mei 2024

Kwa ndugu yangu mpendwa Kyule,

Salamu, na tena salamu, maana wewe umesahau zako. Barua isiyo na salamu huwa ni ya msiba; nilianza kuisoma nimeshika ukuta. Nilipofika kwa mtungi nikakaa chini, nikacheka peke yangu mpaka paka akatoka nje. U mzima? Mgongo unaendeleaje bila cha kuegemea?

Ndiyo, ni mimi. Nilimwambia Kasiva: ukimsamehe tena, utakuja kumzika. Mtoze. Alikataa. Akasema mzee kama yule, watu watasema nini? Nikamwambia watasema yuko hai.

Unajua ni lini mara ya mwisho uliniandikia ukiwa na hasira? Sikumbuki. Tangu Nzilani aende umekuwa mpole, na upole wako ulikuwa unanikosesha usingizi. Sasa nenda ukakomboe kiti chako. Usipoenda watakuja kuchukua na mtungi.

Sisi huku Alhamisi tuko sawa. Wariara amesuka kiondo kikubwa sana, anasema akifa watoto wasisumbuke na sanduku. Tulicheka!

Dadako,
Nduku


Migwani,
16 Juni 2024

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa magoti yote mawili, kwa paka na wajukuu wa paka. Mimi ni mzima, isipokuwa mikono ambayo imepata malengelenge kwa aibu ya kukaa bure.

Nilienda. Nilipanga niinue kiti, niseme maneno machache ya heshima, nirudi. Nilikikuta chini ya kivuli cha turubai shambani kwa Mama Kaloki, mbele yake kuna ungo wa mbaazi. Nikashika jembe, Kasiva akaninyang'anya. Nikamwambia, "Basi nikikomboe kwa kitu gani?" Akaninyooshea kidole kwenye ungo. Nduku, mwanamume wa Migwani, mzee wa kanisa, nikakaa na vikongwe watatu kuchagua mbaazi za chakula cha mchana! Mama Nthiwa akasema, "Polepole, mlinzi, hizo hazimwibii mtu."

Lakini mpaka chakula kuiva nilikuwa nimejua nani ameposwa, nani ameuza shamba kisirisiri, na kwa nini pasta hasalimiani na mpiga kinanda. Miaka miwili nimekaa nikitazama barabara, na kumbe barabara hainiambii kitu.

Halafu wakaanza kumtaja Nzilani. Wewe ulijua alikuwa akiniigiza? Wakati wa kupumzika alikuwa akichukua jembe begani, anapita mbele yao akitembea kama mimi nikilinda ghala langu tupu, akikohoa kikohozi changu. Mama Nthiwa aliinuka akanionyesha. Vile alivyokuwa anageuka! Kweli huyo nilikuwa mimi. Nilicheka, halafu nikaona mbaazi nazichagua bila kuziona. Waliniongezea chai.

Mke wangu nilidhani nimemaliza kumjua. Kumbe nusu yake aliiacha kwa hawa wenzake.

Nimeshaenda mara kadhaa. Deni limekwisha, lakini kiti nimekiacha huko, kinazunguka na kikundi shamba hadi shamba. Kukibeba kuja nyumbani halafu kukirudisha ni kazi ya punda.

Sasa nipe habari zenu za Alhamisi. Huyo Wariara amesema nini tena?

Kaka yako,
Kyule


Migwani,
25 Agosti 2024

Kwa dada yangu Nduku,

Salamu. Mimi ni mzima, kikundi kizima kinakusalimu, na Mama Nthiwa anakuita mchawi kwa upendo.

Ile barua yangu ya Juni hukuijibu. Nikakupigia simu. Ukasema, "Sisi wazima, mvua hakuna," ukakata.

Nduku, maneno hayo ni yangu. Nayajua yanakaa nyumba ya aina gani.

Mutisya mnunuzi wa maembe alipita hapa sokoni, yeye hufika Mukuyuni kila wiki. Nikamuuliza habari za Wariara wa mitumba, nikitaka kusikia kichekesho kipya. Akashangaa. Akasema Wariara alichukuliwa na binti yake kwenda kukaa Thika tangu mwaka jana. Akaendelea mwenyewe kuwa Wariara ndiye alikuwa akikupitia kila Alhamisi mkienda polepole, na tangu aende hujafika kwa Eunice tena. Wenzako walikuja kukuuliza. Ukawaambia magoti yanataka kupumzika. Wakakuheshimu, wakaenda zao.

Mlinzi mzuri angeona mapema. Kile kichekesho cha kiondo cha sanduku uliniletea mara mbili, na siku ya pili kilikuwa kimechakaa.

Sikukasirika. Nilikaa nikafikiri vile uliijua dawa yangu bila kuniona, na kumbe ulikuwa ukisoma ugonjwa wako. Ulinisukuma mlangoni na wewe umebaki ndani. Kwa nini hukuniambia? Najua. Ni kwa sababu ile ile iliyonifanya niweke jembe chini.

Nimempata Eunice kwa simu kupitia kwa Mutisya. Anasema kikundi chao hakina desturi ya faini, wao ni watu wa maombi. Nikamwambia desturi si lazima uzaliwe nayo. Tumeelewana mpaka na kitu cha kuchukua. Nilifikiria kuku, lakini kuku ungemlilia siku moja ukamsahau. Nimemtajia kitu ambacho kinakuwezesha kukaa peke yako ukijiona uko na watu. Mimi mwenyewe nitapata hasara kikiondoka, pengine kukuzidi. Nimekubali.

Jiandae, na wakija usifunge mlango kwa hasira.

Kaka yako akupendaye,
Kyule


Kwa Eunice, Mukuyuni,
Alhamisi, 19 Septemba 2024

Kyule,

Karatasi hii ni ya kufungia sukari na kalamu ni ya Eunice, ananitazama kama nitaiiba. Daftari langu la barua walilichukua na kalamu zangu zote, hata ile iliyokwisha wino. Wakanipandisha pikipiki, mimi, mjane wa mzee wa kanisa, kama gunia la mbaazi. Nilipiga kelele mpaka sokoni. Baada ya sokoni nilinyamaza, maana upepo ulikuwa mzuri.

Nimeambiwa nitarudishiwa daftari nikimaliza kiondo kimoja. Nimesuka vibaya makusudi, wamenifumulia. Hii ni Alhamisi ya tatu.

Wariara yuko hapa. Wamemweka katikati ya meza ndani ya simu ya Eunice, sauti juu. Amesikia ninavyolalamika, akauliza kama lile sanduku lake bado lipo, kwa sababu huko Thika amenenepa. Huyo ni yeye mwenyewe, Kyule, leo hii, sijamtunga.

Ninayo maneno mengi ya kukugombeza, nitayaleta kwa Kikamba siku tukionana. Salamu sijaandika, hata sikuuliza presha. Wananiita, uzi umefika kwangu.

Nduku