Kidonda cha Akinyi Hakisikii Dawa

Odhiambo mwanangu,

Nani amekufanya daktari? Koma kumtumia dada yako vidonge vya dukani! Nimemkuta Akinyi hapa Migori akiosha dhahabu mtoni kwa zebaki, kidonda cha mguu kikiloa humo humo. Akitoka, anafungua vidonge vyako na kumwagia kidonda unga wa ndani. Nesi anasema vijidudu vya maji haya vimezoea zebaki na dawa za nusunusu zisizotimiza dozi, sasa vimekuwa sugu.

"Mama, mto huu ndio unanilisha," Akinyi ananijibu.

Nikamwambia, unakulisha huku unakutafuna mguu? Mimi niliyezaliwa ziwani nimekataa samaki wa hapa!

Mungu akulinde wewe na watoto, nawapenda. Ukishika kadi hii, panda pikipiki uje siku hiyohiyo, tumpeleke hospitali Homa Bay kabla mguu haujakatwa.

Mama yako