Mashine Iliyojua Tarehe

Jumatatu, 6 Oktoba

Wameileta. Masanduku manne, mafundi watatu, na mtu mmoja wa kuongea. Huyo wa kuongea ndiye mwenye kampuni — kampuni ya watu wanne, nimeuliza — na Mama Pacha wa meza ya pili kashambatiza Profesa. Raba nyeupe pee. Alishangaa kuambiwa azivalie soksi za plastiki kama sisi wengine kabla ya kuingia chumba safi.

Dakika arobaini za hotuba! Mapinduzi. Kesho mpya. Mashine inayoona kuliko jicho la binadamu. Meneja anaitikia kwa kichwa kila neno. Zamani aliiita akili bandia, sasa kaambiwa hilo neno "bandia" linatisha wenye hela zao, basi asubuhi ni akili unde, mchana akili mnemba. Yeye mwenyewe akili ya kawaida bado anaitafuta.

Halafu Profesa akachukua chipu kwenye trei yangu — kwa vidole vitupu! — akauliza hii ni nini. Hii ni nini! Ndiyo uliyokuja kuikagua, bwana. Nikaitupa, ikawa imeharibika kwa jasho lake. Ndiyo kazi ya kwanza ya mapinduzi.

Miaka kumi na mmoja nimeinamia hadubini ile. Nyaya za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, zinaunganisha chipu na miguu yake. Naangalia kama zimegusana, kama kuna ufa. Kitufe chekundu, inatupwa. Cha kijani, inapita. Ikishapita inafunikwa plastiki nyeusi na hakuna atakayeona tena ndani yake. Mimi ndiye wa mwisho kuangalia. Leo nimeambiwa nipishe.


Jumatano, 8 Oktoba

Nilidhani nitaifundisha. Wala! Imeshasoma. Kumbe hadubini yangu imekuwa ikipiga picha miaka mitatu, na kila picha imehifadhiwa na kitufe nilichobonyeza, saa, siku na tarehe. Wameilisha zote. Za wakaguzi wengine hawakuzitaka, eti mimi ndiye mkaguzi mkuu, mkono wangu ndio wa kuaminika.

Mama Pacha kacheka. "Umepata mtoto bila uchungu, dada."

Uchungu upo. Wakaguzi kumi na mmoja wanaondoka mwezi ukiisha, naye yumo. Mimi nabaki na cheo kipya: Mlezi wa Mfumo. Yaya wa sanduku. Meneja alinipa habari hiyo huku anakodolea simu yake mpya, ile inayomfupishia ujumbe. Mkewe kaandika aya tatu, simu ikamwambia: "Mkeo hajafurahi." Anatuonyesha kwa fahari! Mtu mzima, ndevu zina mvi.


Jumatatu, 13 Oktoba

Jaribio. Nimetoa trei ya mabaya — chipu ishirini mbovu nilizokusanya mwenyewe, za kufundishia wageni. Kila moja naijua kasoro yake. Wageni wengi hukamata kumi na mbili, kumi na tatu, wakaenda kulia chooni.

Mashine imezikataa zote ishirini. Sekunde kumi na moja.

Nilitaka ikosee. Nakiri humu kwa kuwa humu hasomi mtu. Hata ule ufa wa kwenye kona, ambao mimi mwenyewe huinamisha shingo ndiyo niuone, imeuona. Profesa akatoa simu kupiga video, akaniomba nipunge mkono kwa furaha. Nikapunga! Sijui nilipatwa na nini.


Jumapili, 19 Oktoba

Nimeshinda kwa kaka, kumwona baba. Kakaa sebuleni na ile saa ya kupima mapigo mkononi kama bwana harusi. Walitugawia mwezi wa sita, kila mfanyakazi na yake, zawadi ya mteja — ndani mna chipu za kiwandani kwetu. Yangu nikampa baba kwa ajili ya moyo wake, ambao siku hizi unaruka mapigo. Moyo ukienda sawa, saa inaonyesha jani la kijani. Ukienda vibaya, inatetemeka na kupiga kelele.

Baba kaacha kliniki. Miadi miwili kairuka!

"Daktari ananisikiliza dakika tatu, tena anaandika hanitazami," anasema. "Hii inanisikiliza kutwa kucha." Na kaka kimya, kaufyata, maana amepona safari ya kumpeleka. Kila nikifungua mdomo baba ananinyooshea mkono: jani la kijani. Kitu hicho kinamwambia mzee wa miaka sabini na minne "Hongera, umepumua vizuri," naye anafurahi. Hongera ya kupumua!

Mimi ndiye niliyempa. Na mimi ndiye ninayejua kilicho ndani.

Niandike basi. Mwisho wa mwezi hesabu ya chipu ikiwa haijatimia, Meneja huja akasimama nyuma ya kiti changu. Haniambii pitisha. Hajawahi kusema hivyo hata siku moja, mjanja yule. Anauliza tu, "Leo tarehe ngapi, dada?" Basi. Namwambia tarehe, na kidole changu kinahamia kwenye kijani. Ufa mdogo, pita. Nyaya karibu kugusana — karibu si kugusana — pita. Kuanzia tarehe ishirini na saba hivi. Kila mwezi.

Nyuma ya saa kuna namba ndefu. Tarakimu sita za mwisho ni mwaka, mwezi na tarehe chipu ilipofunikwa. Sote kiwandani tunajua. Leo nilikuwa nimeushika mkono wa baba, namkata kucha. Ilikuwa kuivua tu ile saa na kuigeuza. Nilimaliza vidole vitano, nikauachia mkono.


Jumatatu, 27 Oktoba

Trei ya mabaya, jaribio la kufungulia wiki. Mashine imepitisha kumi na nne.

Kumi na nne kati ya ishirini! Zile zile! Nimezirudia. Kumi na nne.

Profesa anasema ni vumbi. Kafuta lenzi kwa ncha ya shati lake, ndani ya chumba safi. Meneja hakuja kuona trei, kakaa ofisini anaangalia idadi inavyopanda, uso umemng'aa.


Jumanne, 28 Oktoba

Kumi na sita zimepita leo. Profesa ana maelezo mapya: mashine inakomaa. Mwanzoni ilikuwa na woga, sasa imejiamini, imeelewa "mazingira ya biashara". Huyu mtu hakosi jibu. Ukimwambia nyumba yako inaungua atakupongeza kwa joto.

Mama Pacha alikuwa anatazama skrini nyuma yangu. Akaanza kucheka ndani ya barakoa, mabega yanatikisika, mpaka machozi.

"Dada," akasema, "leo tarehe ngapi?"

Nikaitazama tarehe kwenye skrini.

Picha zote zina tarehe. Miaka mitatu, na kila mwezi, kuanzia ishirini na saba, mkono wa kuaminika unageuka. Haikuharibika mashine. Imenisoma vizuri. Hakuna mwanafunzi niliyewahi kumpata aliyenishika namna hii — hata ile tabia yangu ya kukaza mchana wa kwanza na kulegea kabisa siku za mwisho, nakula kiapo tutaikuta kesho kutwa.

Nilikuwa nawadharau. Profesa na raba zake, Meneja na simu yake, baba na hongera zake za kupumua. Na hapo katikati ya sanduku lao la mapinduzi nimekaa mimi, mzima mzima, na kidole kwenye kijani.


Jumatano, 29 Oktoba

Kumi na saba. Kesho mteja anakuja kusaini, na mimi nasaini cheti: "Nathibitisha kwamba mfumo huu unaamua sawasawa na ninavyoamua mimi." Nimekisoma mara tatu. Jengo zima halina sentensi ya kweli kuliko hiyo.

Nikisaini, kila mwisho wa mwezi hakutakuwa na haja hata ya Meneja kutembea hadi kwenye kiti changu. Nisiposaini wataniuliza kwa nini.

Nimempigia baba, nikamwomba twende kliniki Jumamosi. Kasema jani ni la kijani, na Jumamosi kuna mpira.


Alhamisi, 30 Oktoba

Naandika nikiwa chumba cha mikutano. Wamenifungia — hapana, mlango haujafungwa, Meneja kasimama nje tu. Nipange mambo yalivyokuwa.

Mteja ni mama mmoja mfupi, suti ya kijivu, hana raba nyeupe wala maneno mengi. Nilimpenda pale pale, ikanitia hasira zaidi. Profesa akamwaga hotuba yake. Cheti kikasogezwa mbele yangu, kalamu juu yake. Meneja tayari kaanza kupiga makofi.

Nikasema, kabla sijasaini, mgeni aione trei ya mabaya.

Meneja akanikata jicho. Lakini mama wa suti akasema tuione. Nikaiingiza. Mashine ikapitisha kumi na nane. Nikamwekea ile ya ufa wa kona chini ya hadubini, akainama.

"Hii imepita?"

"Imepita."

Profesa akaanza: mazingira ya biashara, kujiamini... Nikamkatiza. Nikamwambia abadilishe tarehe ya mashine, aweke kumi na tatu. Tarehe tu, asiguse kingine. Akacheka. Mama wa suti hakucheka. Profesa akabadilisha. Zikakataliwa zote ishirini. Rudisha thelathini. Kumi na nane zikapita. Weka tano. Zote zikakataliwa! Ilikuwa inafanya kazi bila kosa hata moja, na Profesa akaanza tena kufuta lenzi kwa shati.

"Imejifunza kwa nani?" mama akauliza.

Wakanigeukia wote.

"Kwangu," nikasema.

Meneja akaruka. Yeye hajawahi kumwambia mtu yeyote kupitisha kibovu, kumbukumbu zipo, saini ni yangu, kidole ni changu. Na ndivyo ilivyo! Amesema kweli tupu, mwanaharamu yule, shati limemganda kwa jasho na kasema kweli tupu. Ningemwuliza mbele yao, meneja, leo tarehe ngapi? Sikuuliza.

Mama wa suti akaniuliza chipu ngapi. Nikasema sijui. Akamgeukia Profesa: mashine si ina picha zote? Basi aiamuru izikague upya, zote za miaka mitatu, kwa tarehe kumi na tatu.

Dakika ishirini. Zile nilizozipitisha mimi, ambazo mwanafunzi wangu, akiwa katika siku zake za uaminifu, asingezipitisha: elfu thelathini na moja, mia nne na sita.

Wameniletea karatasi nyeupe niandike maelezo yangu. Na orodha, kurasa tisa, kila tarehe na idadi yake. Karatasi ya maelezo nimeandika jina tu. Mama Pacha kachungulia dirisha la mlango, hakupunga, hakucheka. Sijui ananionea huruma au anahesabu ngapi ni zake, zile alizoniona nazipitisha akanyamaza.

Nimempigia baba. Simu iko mezani, sauti nje, kalamu mkononi, naandika humu humu.

Nimemwambia avue saa anisomee namba ya nyuma.

"Nikiivua itasema nimekufa," anasema. "Juzi nilioga, ikampigia kaka yako."

Ivue, baba.

Anasema ana miwani ya kusomea tu, si ya namba. Anasema kwa nini. Nimesema ni mambo ya kazi. Anasema kazi yako bado nzuri, mwanangu? Nimesema soma, baba.

Anaanza mwanzo kabisa, namba zote, moja moja, kama anaita majina ya darasa. Sijamkatiza. Sasa zimebaki sita.

Mbili. Tano. Mwaka huu.

Sifuri. Moja. Januari.

Orodha iko hapa. Januari, ukurasa wa saba. Imeanza ishirini na saba, imeisha thelathini na moja. Tarehe ishirini na nane peke yake, mia tatu na tisa.

Mbili.

Imebaki moja, na jasho limeila. "Ni tatu," anasema. Halafu anasema, "Au nane. Ngoja. Ina matumbo mawili, sijui upande mmoja umefutika?"

Nimemwambia asihangaike, ampe kaka, waende kliniki sasa hivi, hata kama ni tatu. Hanisikii, kaiweka simu chini. Anasogea dirishani kwenye mwanga. Meneja anagonga, anauliza nimeandika kiasi gani.

Watu elfu thelathini na moja wamevaa nane mikononi, na mimi nimekaa hapa naomba moja tu, ya kwetu, iwe tatu. Namsikia baba anavuta pazia.