Yadi Yetu Ina Dole Gumba

Nyumba namba 14, Mtaa wa Tenter,
Thornclough, Lancashire.
Jumatatu, 14 Desemba 1885.

Mpendwa binamu Enoch,

Ndiyo, magoli niliyasimamisha mimi. Umeniuliza mstari wa kwanza kabisa, hata salamu hujanipa, basi na mimi nimekujibu kabla ya salamu. Sasa tushikane mikono kama watu waliolelewa.

Hujambo? Shemeji Hannah hajambo? Kifua chake kimepona, au baridi ya huko Fall River, Amerika, bado inamsumbua? Huku kwetu wote wazima. Mama anakohoa, lakini alikuwa akikohoa tangu hatujazaliwa, kwa hiyo hatuuhesabu ugonjwa. Mama yako, mama mkubwa Keziah, ni mzima kuliko sisi sote, na habari zake utazisikia hapa chini. Mimi bado nauza pai za nyama na viazi uwanjani na pale mlangoni pa kiwanda. Nyama imo, ila inataka mtu mwenye subira ya kuitafuta.

Unasema gazeti limefika huko, limeandika kwamba Thornclough ni timu ya wezi, eti tumewafunga waungwana wa Wexcombe kwa magoli ya uongo. Unasema nyapara wako alilisoma kwa sauti mbele ya mashine zako, wafumaji wote wakacheka, na wewe ukainamisha kichwa. Kiinue hicho kichwa, Enoch. Ngoja nikupe ilivyokuwa.

Unakumbuka kombe lilivyotuanza. Ule mwaka wa kwanza wewe ulikuwepo. Bahati ilitupa mechi ya nyumbani, wale mabwana wa kusini wakatuandikia barua tamu: njooni nyinyi kwetu, nauli juu yetu, na chakula cha mchana juu yetu. Tukajiona tumepata. Tukala ng'ombe, tukala kondoo, tukala pudini mara mbili, halafu tukaingia uwanjani tunatembea kama mabata. Saba bila. Wewe mwenyewe ulitapika pale kwenye bendera ya kona, usijifanye umesahau.

Mwaka wa pili wewe ulikuwa umeshasafiri. Walitutoa majirani zetu, na majirani wa namna ile hatuwataji kwenye barua ya familia. Mwaka wa tatu tulivuka raundi mbili. Barua tamu ikaja tena kutoka kusini, tuhamishe mechi, chakula kipo. Kapteni wetu Amos Duckworth aliijibu kwa maneno matatu tu: Asante. Tumeshakula. Njooni. Walikuja, wakatutoa, lakini walitutoa tukiwa na njaa yetu na kwenye tope letu. Heshima ilianzia pale.

Mwaka huu ndio wakaja hawa Wexcombe, nao wa kusini. Wote wamesoma shule moja, huko wanafundishwa Kilatini na namna ya kukimbia bila kutoka jasho.

Sasa magoli. Milingoti ya zamani ilikuwa imeoza, ukiiegemea unaanguka nayo. Nikasema niachieni mimi. Kanisa la zamani lilikuwa linabomolewa, nikapata mbao za ile roshani walikokuwa wanakaa waimbaji, mbao safi, zimesikia nyimbo miaka hamsini. Kipimo kinasema yadi nane toka mlingoti hadi mlingoti. Nikaenda ghala la kiwanda nikaazima fimbo ya kupimia kitambaa.

Unaijua fimbo ile. Yadi ya kitambaa hapa kwetu ni inchi thelathini na sita, na juu yake unaongeza dole gumba moja, yaani inchi moja, la kumfurahisha mnunuzi. Dole gumba hilo limeshachongwa humo humo ndani ya fimbo tangu enzi za babu. Mtu wa Thornclough ukimwambia yadi, kichwani kwake inakuja hiyo. Nikapima fimbo nane, nikachimba mashimo. Ezra Kershaw, golikipa, alisimama katikati akasema, "Jabez, mbona lango naliona pana?" Nikamwambia, "Lango halina kosa, wewe ndiye umekonda."

Tukawafunga mbili kwa moja. Watu walirusha kofia, na mimi nilimaliza pai zote, hata zile za Alhamisi.

Kumbe kapteni wao, kijana mmoja anaitwa Bwana Peregrine Vane, alikuwa na utepe wa kupimia kwenye begi. Akapima mbele yetu sote.

"Haya magoli yamezidi inchi nane," anasema.

"Yamezidi pande zote mbili, bwana mkubwa," nikamjibu. "Na nyinyi mlikuwa na lango hilo hilo pana mbele yenu. Mbona mlikuwa mnampiga mpira yule mbwa wa muuza maziwa kule pembeni?"

Watu walicheka, yeye hakucheka. Alikwenda kuandika malalamiko. Unajua desturi ya kombe hili: ukifungwa uwanjani, unakwenda kushindia kwenye karatasi. Uwanja mwembamba, mpira mwepesi, nyasi zimenitazama vibaya, chochote. Kamati kule London ikasema mechi irudiwe, Jumamosi ya tarehe 12, tena kwenye uwanja wa Wexcombe.

Mimi sikatai, Enoch. Goli lilikuwa pana, nimekosa, nimekiri mbele ya timu nzima na nimeombewa kanisani. Ila hilo neno wizi silikubali mpaka naingia kaburini. Hao watu wa kusini wanavaa shati zetu miaka yote, na kila yadi waliyonunua kwetu walipewa inchi moja ya bure. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika malalamiko kwamba kitambaa kimezidi. Siku inchi ile imekaa kwenye goli ndipo tumekuwa wezi!

Halafu ikaja barua ya huyo Vane, tamu kama zile za zamani. Anasema yeye hapendi ugomvi. Tukijitoa wenyewe kwenye kombe, na tukaandika kuomba radhi kwa udanganyifu, basi yeye atalimaliza na magazeti.

Na hapo ndipo kibano kilipokuwa. Kufika kule kwa mechi ya mchana inabidi upande treni Ijumaa ukitoka kazini, na Jumamosi asubuhi mashine yako inabaki yatima. Tajiri wa kiwanda alikuwa ameshabandika tangazo mlangoni: asiyekuwa kwenye mashine zake Jumamosi, Jumatatu asije. Tisa kati ya wale kumi na moja wanafuma pale pale. Twende, watu tisa wapoteze kazi, na Krismasi hiyo mlangoni. Tusiende, tuandike kwa mkono wetu kwamba sisi ni wezi, na barua hiyo ibaki mpaka wajukuu wajifunzie kusoma.

Tulikutana Alhamisi chumba cha shule ya Jumapili. Karani wa timu, mzee Tattersall, alikuwa ameshachovya kalamu. "Jamani, ni karatasi tu," anasema. "Tuandike yaishe. Maneno hayali mkate wa mtu."

Amos alikuwa anahesabu kwa vidole. Ana watoto watano, Enoch, mimi simlaumu. Ezra anatazama viatu vyake. Na mimi niliyeleta balaa lote nilikuwa nimekaa nyuma karibu na jiko, kwa mara ya kwanza maishani sina mzaha wa kusema.

Mara tukasikia viatu vya mbao ngazini, ko ko ko ko, kama farasi wa mkokoteni wa bia wanapanda. Mlango ukafunguliwa. Mama yako mbele, shali kichwani, pamba bado kwenye nywele, na nyuma yake wanawake kama ishirini wa kiwandani.

"Nani anaandika nini?" akauliza.

Tattersall akaanza kueleza. Hakumaliza.

"Tattersall, mimi nimefuma miaka thelathini na moja. Kila kipande changu kina dole gumba. Ukiandika kwamba dole gumba ni wizi, umeniandika mimi mwizi. Haya, andika. Nimesimama, nakuona."

Kalamu ikajiweka chini yenyewe.

"Kazi je, mama?" Amos akamuuliza taratibu. "Watu tisa, kila mtu mashine nne, thelathini na sita. Zitasimama."

"Nani kakwambia zitasimama? Sisi tuko hapa ishirini. Kila mmoja anashika nne zake, anaongeza mbili za mwanamume. Kwani mnadhani mnafanya nini kule ambacho sisi hatukiwezi? Nyinyi nendeni mkapige mpira. Na wewe Jabez," akanigeukia, "safari hii usipime kitu."

Basi tukaenda. Mimi nilikwenda na kikapu cha pai, na utepe wa kupimia nilioununua halali yangu.

Yaliyotokea kiwandani nimesimuliwa na Mama, na amenisimulia mara sita, kila mara na mikono. Nyapara aliingia saa moja asubuhi, akaona shali tupu, hakuna hata udevu mmoja.

"Wanaume wako wapi?"

"Wanaumwa tumbo, bwana nyapara," mama yako akamjibu bila kugeuka.

"Wote tisa?"

"Walikula pai za Jabez."

Wanasema nyapara mwenyewe aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeamini. Ndivyo biashara yangu inavyoheshimiwa na ndugu zangu! Halafu akataka kupiga kelele, mama yako akamwambia, "Sikiliza. Unasikia mashine iliyosimama? Wewe unataka kitambaa au unataka wanaume?" Kitambaa kilikuwa kinatoka. Akazunguka mara mbili, akatafuta nyuzi zilizokatika, hakupata, akaenda kunywa chai. Mpaka kengele ya saa saba mchana hakuna mashine iliyolala. Mama mkubwa aliendesha saba peke yake, maana Betsy Rigg aliumia kidole. Alipotoka nje alikaa kwenye ngazi, hakuweza kunyanyua mikono, wakamvisha shali kama mtoto.

Sisi tulikuwa hatujui kitu. Tuliingia pale Wexcombe, kofia ndefu pande zote, na vijana wao wanaimba, "Leteni fimbo! Leteni fimbo!" Mimi nikaingia uwanjani na utepe wangu, nikalipima goli lao mbele ya mabibi na mabwana, polepole, kama fundi anayepima bwana harusi. Lilikuwa sawasawa, halijazidi unywele. Nilisikitika sana. Nikawavulia kofia, nikatoka.

Walitupiga mateke mpaka mapumziko. Bila kwa bila. Kipindi cha pili Silas Holt, winga wetu wa kushoto, akachukua mpira katikati, akamvuka mmoja, akamvuka Vane mwenyewe akabaki ameketi kwenye tope na Kilatini chake, akaupiga chini kabisa, ukagonga mlingoti kwa ndani ukaingia. Moja! Kwenye lango lao, kwa kipimo chao! Lakini beki wao alimwangukia Silas kwa ubavu, tukasikia mfupa wa bega umelia, kra. Tukamtoa. Tukabaki kumi, dakika thelathini na tano. Ezra aliokoa kwa mikono, kwa magoti, mara moja kwa uso. Jino lake moja liko kule mpaka leo.

Filimbi ikalia. Vane akaja kumpa Amos mkono, lazima niseme ukweli, alikuja mwenyewe.

"Mna malalamiko yoyote?" akauliza.

"Sisi hatuna," Amos akamwambia. "Nyinyi je?"

Akaangalia goli lake. Akaangalia utepe wangu. "Hatuna."

Leo Jumatatu wote tisa wameingia kazini wanashika matumbo, na nyapara amewapokea. Gazeti lile lile limeandika moja bila, mistari miwili, chini ya habari za nguruwe aliyepotea. Neno wezi halimo. Mistari hiyo miwili nimeikata, imo kwenye bahasha. Mpe nyapara wako aisome kwa sauti, kwa ile ile sauti.

Nisalimie shemeji Hannah sana, na mzee Fielden, na watu wote wa Thornclough mlioko huko. Mama anakusalimu na kukuombea, Amos na Ezra wanakusalimu, Ezra kwa taabu kwa sababu ya midomo. Mungu awakinge na baridi hiyo.

Sasa kaa vizuri, tuongee biashara. Raundi ijayo ni hapa kwetu, Jumamosi ya tarehe 16 Januari, na Silas amefungwa bega, hachezi tena mwaka huu. Mguu wa kushoto hatuna, isipokuwa wako. Sheria ya kombe inasema mchezaji awe amezaliwa ndani ya maili sita kutoka uwanjani, na wewe umezaliwa nyuma ya goli la chini, Mama alikuwepo. Barua hii ikikufikia Krismasi, meli ni siku kumi, unafika. Mkataba wangu ni huu: njoo ucheze. Tukishinda, nusu ya biashara ya pai ni yako, tunamleta Hannah, hurudi tena huko. Tukifungwa, mimi niliyeapa kutoshika mashine tena maishani nitapanda meli na wewe, nitafuma mwaka mzima mahali pako chini ya nyapara wako huyo, na wewe ukae nyumbani unywe chai. Usinijibu kwa barua, hakuna muda. Viatu vyako vya mpira mama yako anavipaka mafuta kila mwezi tangu ulipoondoka, anadhani hatumwoni. Ukikubali, shuka kwenye treni. Mimi nitakuwa hapo stesheni kila siku kuanzia Mwaka Mpya, nimevishika mkononi.

Mimi wako, nikupendaye kwa inchi thelathini na saba kila yadi,

Jabez Entwistle