Nimempita Marehemu Barabarani

Mama Aroni, nimempita marehemu. Marehemu ndani ya jeneza, na msafara wake wote. Nimewapita mimi.

Unajua Obeid mwanangu anataka tuuze gari la baba yake tuchukue lile jekundu lenye turbo. Leo akaja nalo la kujaribu, akaniambia, "Mama, endesha mwenyewe kwanza, ndipo ukatae." Nikamwomba Mungu, nikawasha, tukashika njia ya Ilula.

Sasa la mzee ukikanyaga linaitika hapo hapo, linaongeza nguvu pole pole mpaka juu. Hili nikakanyaga nilipite lori la nyanya, kimya. Nikakanyaga tena. Kimya. Nikazidisha mguu.

Ndipo nguvu yote ikaja kwa mara moja. Kisogo kikagonga kiti. Mbele ya lori kumbe kuna msafara wa mazishi, magari yamebanana, pa kuingia hapana. Nikawapita wafiwa, nikalipita jeneza, nikampita mchungaji.

Nimempita mchungaji nikiwa na kitambaa cha akina mama wa kanisa kichwani.

Nikasimama pembeni, nikashuka, nikainamisha kichwa wapite. Mchungaji akashusha kioo. "Mama Obeid, unatutangulia wapi?"

Nikasema, "Mchungaji, nimekanyaga kama nakanyaga la mzee."

Akaliangalia gari. "Kumbe ndiyo turbo hiyo."

Obeid anauliza nimeamuaje. Nimemwambia la baba yake haliuzwi, ndilo la kwendea ibada. Ila hili jekundu asilirudishe kwanza. Jumamosi nataka kulipandisha mlima Kitonga.

Nitauliza kwanza kama kuna msiba.