Chapati Iliyoishia Getini

Baba Kananu,

Leo ni Jumamosi tena, na Popi amelala getini tangu saa saba, pua ameielekeza barabarani. Watu wote wa hapa wanamsifu huyo mbwa kwamba anakungoja. Hata mchungaji alimtaja siku ya mazishi yako, akasema tujifunze uaminifu kwa mnyama, na akina mama wakapangusa macho. Mimi pia nilipangusa. Sasa ngoja nikuambie nilichokuja kujua.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kimeru nitakuonea huruma, na leo sitaki. Ukikuta kosa la ngeli, nyamaza. Ulinisahihisha vya kutosha ukiwa hai.

Nilikuja kwako nikijua kupika. Mwaka wetu wa kwanza ulikula chapati zangu nne bila kupumzika, ukaegemea ukuta ukaniambia, "Mama yako alikufundisha uchawi." Halafu ugonjwa wa sukari ukamla baba yako mguu, na baada ya mguu ukamchukua mwenyewe, nawe ukarudi kutoka kumzika ukiwa mtu mwingine. Ukachora chati kwa mkono wako, ukaibandika juu ya meko: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kukinga magonjwa. Chini yake ukaandika kwa herufi kubwa, ULIMI HAUULIZWI. Kuanzia hapo ikawa nduma ya kuchemsha, maharagwe ya kuchemsha, sukuma wiki ya kuchemsha. Chumvi ulipima wewe. Krismasi ikifika, harufu ya chapati za majirani ikivuka ua wa michongoma, uliinuka ukafunga dirisha.

Mimi nilivumilia. Nilikuwa mtu mzima na nilikupenda. Lakini mtoto je? Kananu alikuwa na miaka tisa alipopewa kipande cha chapati kwa jirani, akaja nacho mezani bila kujua kosa lake. Alikitia mdomoni akafunga macho. Wewe ukaweka kijiko chini. "Fungua macho. Unakula ama unaomba?" Kile kilichobaki ukakitoa mkononi mwake taratibu, bila hata hasira, kama mwalimu anayemnyang'anya mtoto mpira darasani. Mimi sikusema kitu. Hilo ni langu, na nitalijibu nikiulizwa. Tangu siku ile binti yetu hula akiwa amesimama, amegeukia ukuta, haraka haraka. Sasa na yeye ni mwalimu kama wewe, kule Embu, ana mume na meza nzuri ya viti sita, na bado hula amesimama karibu na sinki.

Kisha ukaanguka shambani ukipalilia kahawa. Daktari akasema ni moyo. Moyo, Baba Kananu! Miaka yote hiyo ya kuchemsha, na moyo haukuisoma chati.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika nilinunua unga na mafuta. Nikakanda, nikasukuma, mikono ikakumbuka kila kitu. Nikakaa peke yangu na chapati sita, nikala moja, na sikusikia ladha yoyote. Ulimi ulikuwa umechoka kungoja kuulizwa. Nililia kwa hasira siku hiyo, na zile tano nikawapelekea majirani.

Mwezi huo Kananu akaja na Makena. Unajua mtoto anavyoitwa jina lenye furaha ndani yake na akalivaa kweli, huyo ndiye mjukuu wetu. Nilimpa chapati nimenyunyizia sukari kidogo. Akauma, akafunga macho. Na kutoka kwenye sinki nikasikia, "Makena! Fungua macho. Unakula ama unaomba?" Maneno ni yako, sauti ni yako, hata ile njia ya kutopandisha sauti. Mtoto alifungua macho akaisukuma sahani. Nilishika meza kwa mikono miwili. Niliona kwamba tumekuzika nusu tu, na nusu ile nyingine imekaa jikoni kwangu ikimlea mtoto wa miaka minne.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita nilishuka Makutano kuchukua viatu ulivyokuwa umeacha kwa fundi. Nilikuwa nimevaa koti lako la kahawia, maana kule kwetu juu baridi imezidi. Karibu na fundi kuna hoteli ndogo ya mabati. Mama mwenye hoteli akatoka akipangusa mikono kwa aproni, akanishika mkono hakuuachilia.

"Mama, pole sana. Wewe ni Mama Kananu, si ndio? Nilikuja mazishi nikakaa nyuma. Mwalimu alikuwa kastoma wangu wa Jumamosi, hakosi. Chapo mbili na madondo. Akimaliza ananiambia nimfungie ingine kwa gazeti. 'Hii ni ya Mama Kananu, anapenda ikiwa moto.' Zilikuwa zinafika zikiwa moto?"

Nikamwambia, "Zilikuwa zinafika. Asante sana." Hivyo ndivyo nilivyodanganya kwa ajili yako, mbele ya fundi wa viatu, na umri huu wangu.

Wewe uliniambia Jumamosi unashuka kusoma gazeti. Kweli gazeti lilikuwepo.

Nikanunua moja, akaifunga, nikaitia kwenye mfuko wa kulia wa koti. Mfuko ule wenye doa la mafuta nililosugua kila Jumatatu, nawe ukishikilia kwamba ni grisi ya baiskeli. Nilipofika nyumbani, Popi alisimama. Hakuniangalia uso. Pua ilienda moja kwa moja kwenye mfuko, kisha akatangulia mbio nyuma ya michongoma, akakaa chini akaningoja, ulimi nje. Pale alipokaa, udongo ulikuwa umejaa vipande vya gazeti, vingine vimeoza, vingine bado vinasomeka. Zile takataka nilizowalaumia watoto wa jirani.

Kumbe mbwa hakungoji wewe. Anangoja chapati yangu.

Afadhali ungekuwa na mwanamke. Mwanamke ningejua la kumwambia. Wewe ulikaa kwenye benchi na sahani mbele yako, madondo, maharagwe ya kukaanga, yakitoa mvuke, huku mtoto wako akila amegeukia ukuta. Na yangu, iliyofungwa kwa jina langu, uliibeba ukapanda nayo mlima wote, ukafika hatua ishirini kutoka jikoni kwangu, ukaogopa. Uliogopa nini? Kwamba nitakucheka? Ningekucheka, ndiyo, mpaka majirani waje kuuliza. Halafu ningekaa chini niile. Lakini ulipendelea kumlisha mbwa kuliko kuingia ndani na kusema, "Nilikosea." Usidhani sijui kwamba uliinunua kwa mapenzi. Najua, na hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Jumamosi iliyopita nilimweleza Kananu. Alikuwa kwenye sinki, sahani mkononi. Akageuka, akauliza, "Popi? Popi ndiye alikuwa anakula?" Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akavuta kiti, akakaa. Baadaye kicheko kikageuka kilio, lakini alilia akiwa ameketi mezani, na akala huku analia, na hakuna aliyemwambia kitu. Makena alikuwa anamtazama. "Mum, naweza funga macho?"

"Funga," Kananu akamwambia.

Na mimi nikaimega chapati yangu, na safari hii nikaisikia chumvi.

Chati yako sijaichoma. Nimekata ule mstari wa chini kwa makasi, nikaacha vile vitatu vya juu, kwa sababu maharagwe hayana kosa na nduma haina kosa. Bado napika vya kuchemsha siku za kazi. Jumamosi nasukuma chapati.

Lala sasa, Baba Kananu. Sijakusamehe, na siwezi kukudanganya wewe kama nilivyomdanganya yule mama wa hoteli. Nakuahidi kwamba Makena atakula macho yakiwa vile anavyotaka, na mama yake hatasimama tena kwenye nyumba hii. Popi pia atapata yake, kwenye sahani, bila kujificha nyuma ya ua. Na siku nitakayokufuata huko uliko, usinipokee mikono mitupu. Nataka yangu, ikiwa moto. Na usisimame getini. Ingia nayo ndani.

Mama Kananu