Mama Anayetazama Ukutani

Biryogo, Kigali
4 Februari 1979

Mkwe wangu Mukarugwiza,

Assalaam alaikum. U hali gani wewe na jamaa wa Buyenzi? Sisi hatujambo, ila miguu inanisumbua. Mwanangu Sibomana yuko barazani na cherehani yake, anakusalimu.

Nakuandikia juu ya binti yako Mukandekezi. Mjukuu wetu Mutabazi ana miezi mitatu, na maziwa anapata ya kutosha. Lakini mama yake hamtazami. Akimpa ziwa anageuza uso ukutani mpaka mtoto ashibe. Nilidhani ananionea haya, nikawa natoka chumbani. Siku moja nikachungulia pazia, ikawa vilevile. Mtoto akinyonya humtafuta mama kwa macho, wewe umelea, unajua. Huyu wetu alitafuta sana. Sasa ameacha. Ananyonya anatazama dari.

Nauliza kwa heshima: kuna jambo ambalo hatukuambiwa? Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwako akafia kwako. Tuliletewa habari ya homa, tukaamini.

Mimi bibi yake mzaa baba,
Nyirarukundo

Buyenzi, Bujumbura
20 Februari 1979

Mkwe wangu Nyirarukundo,

Waalaikum salaam. Pole na miguu. Huku tu wazima, tunashukuru.

Barua yako nimeirudia mara mbili. Tangu lini mkwe anachungulia pazia la mke wa mwanawe? Mtoto alikufa kwa homa, na waliomwosha wapo hapa mtaani, waulize. Kama Sibomana ameona mke mwingine, sema waziwazi. Usipitie kwenye macho ya binti yangu.

Bibi yake mzaa mama,
Mukarugwiza

Biryogo, Kigali
11 Machi 1979

Mkwe wangu,

Salaam. Afya tunayo. Mke mwingine hakuna.

Jana nilimwambia binti yako, "Mtazame mwanao."
Akasema, "Siwezi, mama."
"Huwezi au hutaki?"
Alichukua kitenge akamfunika mtoto uso, akaendelea kumnyonyesha. Mkwe wangu, nani anamfunika uso mtoto aliye hai?

Nimemchukua Mutabazi. Analala kwangu, nampa maziwa ya ng'ombe. Sibomana akimaliza sare za shule alizoagizwa kushona, atamrudisha mkewe kwenu. Unachokificha utakaa nacho wewe.

Nyirarukundo, bibi yake

Buyenzi, Bujumbura
25 Machi 1979

Mkwe wangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Naomba Mungu barua hii iwahi. Usimrudishe kabla hujaisoma yote.

Homa ilikuwa kweli. Ila mtoto yule alikata roho akiwa ziwani. Mukandekezi alikuwa amemwinamia, wanatazamana, anamwambia habari za baba yake na cherehani. Aliendelea kumwambia, hajui kwamba anazungumza peke yake. Mimi ndiye niliyemtoa mtoto mikononi mwake.

Kwenye matanga mwanamke mmoja akasema, na binti yangu akasikia, kwamba mama huyu ana jicho, mtoto amekufa anatazamwa. Nilimfukuza mwanamke yule, lakini neno lilikwisha kuingia. Sikuwaambia ninyi. Neno kama hilo lingefika Biryogo, nani angekula chakula kilichopikwa na mwanangu?

Anageuka ukutani ili mtoto aishi. Sasa unajua. Ukitaka kumfukuza, mfukuze kwa hilo.

Mukarugwiza, bibi yake

Biryogo, Kigali
9 Juni 1979

Mkwe wangu,

Assalaam alaikum. Hujambo? Nimekukawiza, najua umeumia kungoja. Sikutaka kuandika kabla ya kuwa na la kusema.

Barua yako ilinitia hofu. Nilifunga mlango nikafikiri. Kisha nikamwita binti yako, tukakaa tunachambua maharage. Nikamwambia, "Mama yako amenieleza. Kama jicho lako linaua, anza na mimi. Nitazame."

Alikataa, akalia. Nikamshika kidevu. Tukatazamana mpaka maharage yakasahaulika. Kulipokucha nikamgongea mlango. Nikasema, "Nimeamka. Miguu inauma kama kawaida." Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu nimfahamu vizuri.

Tulifanya hivyo siku kadhaa. Kisha nikampa mtoto wake. Maziwa yalikuwa yamekaribia kukauka, tukahangaika na uji wa mtama hadi yakarudi. Siku aliyomwinamia, Mutabazi aliacha kunyonya, maziwa yakamchuruzika shavuni. Alimkazia macho mama yake kama amemwona mgeni. Halafu akapiga kelele za kulia. Mimi nilitaka kumpokea, sikufichi, bado nilikuwa na shaka. Mukandekezi akasema, "Mwache, mama," na hakugeuka.

Siku hizi mtoto anachelewa kushiba. Anaachia ziwa ili amchekee mama yake, anashika tena, anaachia tena. Mimi nikimwita hageuki hata kidogo.

Bado nina neno nawe kwa kunificha. Njoo ulisikie hapa nyumbani. Chumba kipo, na mwanao anakuulizia.

Bibi mwenzako,
Nyirarukundo