Mukebe wa Chumvi Usifunguliwe

Riziki mutoto wangu,

Mukebe wa chumvi usifunguliwe. Kama umefunguliwa, usionje. Soma neno hili kwa sauti, watu wote wa nyumbani wasikie, ndipo niwasalimu.

Nakusalimu wewe bibi arusi wangu, uko muzima? Namusalimu bibi yako, mama aliyenizaa, miguu imepungua kuvimba? Namusalimu shangazi yako Veronika anayekushonea nguo ya arusi. Nawasalimu wadogo zako, Yozefu na Sifa, zaidi Sifa, maana namujua, yule akiona chumvi analamba kidole. Namusalimu Stefano mukwe wangu, na mama yake. Kila jina ninaloandika, moyo unauliza: na huyu amekula?

Sasa sikiliza. Unajua kwetu mama ndiye anayetia chumvi katika sufuria ya kwanza ya arusi, halafu anamuwekea binti yake punje kwenye ulimi. Mimi sikupata ruhusa ya kutoka huku Salamabila. Nikasema basi, chumvi yangu iende mahali pangu. Nikampa jirani yetu Mama Tabu mukebe aulete huko Kasongo, akaondoka juzi kwa miguu, njia ya Wamaza.

Baba yako anafanya kazi katika labo ya mine, machimbo ya zahabu, kwa yule Bwana wa kemia. Mbele ya hapo Bwana alikuwa anapima zahabu tu. Halafu akashika boraki, ule unga wa kuyeyushia zahabu, na zebaki, akaanza kutengeneza dawa zake mwenyewe. Baba yako alinieleza hivi: iko vitu viwili havikubali kuungana hata uvipike siku nzima. Dawa ya Bwana inashika kimoja, inakipeleka kwa mwenzake, inakiacha pale, yenyewe inaondoka.

"Kama mushenga," akasema.

Nikacheka: "Mushenga gani huyo asiyeomba hata kuku?"

Barua zinamufikia Bwana kutoka Ulaya na Amerika. Wakubwa wa kazi ile wanamwandikia kwamba kwa njia yake na wao wameunganisha vitu vilivyowashinda. Baba yako akawa anatembea kifua mbele kama ameandikiwa yeye.

Juma lililopita paa la labo lilivuja, na dawa ile inaharibika kwa unyevu. Bwana akasema itafutiwe mahali pakavu. Baba yako akaona hakuna pakavu kupita juu ya jiko langu, pale ninapoweka chumvi. Akaweka mukebe pale kando ya wangu, unga mweupe ndani, hakuniambia kitu. Mimi nikanyoosha mukono, nikatwaa ule nikidhani ni wa chumvi.

Leo asubuhi akaja kuuchukua. Bwana akatia kidogo katika alkoli, akawasha. Dawa yake inawaka kijani. Hii ikawaka manjano tu, kama chumvi. Baba yako alirudi mbio, kofia imeanguka njiani.

"Mama Riziki, mukebe mwingine uko wapi?"

Nikamwambia uko njiani, unakwenda kwa Riziki. Akakaa chini kwenye majivu.

Nilikwenda labo mwenyewe. Sikuwa nimepita mulango ule hata siku moja. Nikamuuliza Bwana: "Mutoto akiila, inamufanya nini?"

Barua zake ziko mezani, bunda zima. Akasema: "Mama, hawa wote wananiuliza dawa hii inafanya nini. Hilo lako hakuna aliyeuliza. Sijui." Halafu akasema polepole: "Lakini zebaki iko ndani, na zebaki naijua."

Ni yeye aliyemuita dereva wa kamiyo, lori la mine, alete barua hii. Ninaandika dereva amesimama mulangoni, baba yako anamuambia kila mara, ngoja kidogo, ngoja kidogo. Labda kamiyo itamupita Mama Tabu njiani. Labda yeye amepanda ya mutu mwingine na amekwisha kufika.

Riziki, pikeni bila chumvi. Wakwe wakisema chakula hakina ladha, mama wa bibi arusi ni muchoyo, waache waseme. Mukebe uzikeni mbali na kisima, munawe mikono. Ikiwa mutu ameonja, mupelekeni kwa munganga wa hospitali leo hii, musione haya.

Dereva ameapa hatatoka Kasongo bila jibu. Mupe upesi, asilale huko. Asikuandikie mutu mwingine, hata shangazi. Andika wewe, na mukono wako ninaoujua. Hata neno moja linatosha: niko.

Ni mimi mama yako,
Anjelani